Krimu tatu na kopo moja la mafuta: kisa cha kutafuta kihifadhi kisichochoma

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati Lubumbashi ina baridi kavu usiku na vumbi jekundu mchana. Mke wa kaka yangu alinifikia nyumbani Katuba akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 5. Alipandisha mikono ya sweta ya mtoto akanionyesha ndani ya viwiko. Ngozi ilikuwa nene, imeiva weusi kuliko mkono mwingine wote, ina mikwaruzo ya kucha, na pembeni imepasuka kidogo. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu ekzema, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, mara nyingi haiji na ule wekundu wa picha za vitabuni, ndiyo maana wengi huiona wamechelewa.

"Yaya, ile lotion ya duka inamuchoma mutoto," alisema. "Weye unatengenezaka mafuta. Umutengenezee yake."

Nimekuwa nikitengeneza sabuni na krimu jikoni kwangu kwa miaka minne. Nilikubali kabla sijafikiri. Yaliyofuata yalinichukua karibu miezi minne, na ninayaandika kwa urefu kwa sababu najua wanawake wengi hapa wanaotengeneza mafuta ya ngozi nyumbani, na wengi wetu tulifundishwa kutafuta "kihifadhi cha asili", kitu cha kuzuia krimu isioze, kana kwamba neno asili linamaliza kazi.

Kwanza jambo moja liwe wazi. Mtoto alikuwa ameshaonwa kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpa krimu ya haidrokotisoni, dawa ya kutuliza ngozi, ya kupaka kwa siku chache ekzema inapopamba moto, na akasema ngozi ilainishwe kila siku. Kazi yangu ilikuwa hiyo ya kulainisha tu. Krimu ya nyumbani haitibu ekzema.

Niliomba kuiona chupa ya lotion. Kwenye lebo kulikuwa na manukato, na karibu na mwisho kulikuwa na neno refu linaloishia na -thiazolinone. Hilo ndilo methilisothiazolinoni, kihifadhi cha kiwandani. Mwaka 2005 Ulaya iliruhusu litumike peke yake katika vipodozi hadi asilimia 0.01, kiasi kilichoonekana kidogo sana. Wagonjwa wa mzio wa ngozi wakaanza kuongezeka. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mizio ya kugusa kilikitangaza kihifadhi hicho kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na tangu mwezi wa pili 2017 Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika vipodozi vyote vinavyopakwa na kuachwa kwenye ngozi bila kuoshwa. Huku kwetu chupa zinatoka pande zote za dunia, kwa hiyo marufuku ya Ulaya haimaanishi kwamba rafu zetu zimesafishwa. Je, ndicho kilichomchoma mtoto? Siwezi kusema. Kuthibitisha kunahitaji daktari wa ngozi ambandike vipimo mgongoni na kuvisoma baada ya siku kadhaa. Yangeweza kuwa manukato. Lakini kuiacha lotion ile hakukuhitaji uthibitisho, na siku hiyo hiyo iliachwa.

Krimu ya kwanza

Wifi alitaka kitu "bila kemikali". Nilitengeneza gramu 300: maji, mafuta ya alizeti, karite (siagi ya shea) kidogo, na sabuni ya mche niliyoikwangua ili iunganishe maji na mafuta, kama nilivyofundishwa na mama aliyenionyesha kazi. (Mafuta ya karanga niliyaacha kwa makusudi. Ngozi iliyopasuka si mahali pa kumjulisha mtoto karanga kwa mara ya kwanza, inaweza kumfungulia mlango wa mzio wa chakula.) Kama kihifadhi nikaweka vitamini E.

Siku ya tisa alinirudishia kopo. Chini ya mfuniko kulikuwa na madoa ya kijivu, na harufu ilikuwa ya kitambaa kilicholala na maji.

Kosa lilikuwa langu na ni la kawaida mno. Vitamini E hulinda mafuta yasichache kwa sababu ya hewa, basi. Bakteria na ukungu havina habari nayo. Dondoo ya rozimari ni vivyo hivyo. Dondoo ya mbegu za balungi, inayosifiwa sana, ina historia inayonisikitisha: uchunguzi uliochapishwa Ujerumani mwaka 1999 ulipima dondoo sita za madukani, ukakuta kwamba zile tano zilizoua vijidudu zilikuwa na kemikali ya kiwandani, benzethoniamu kloridi, na ile moja isiyokuwa nayo haikuua kitu. Mafuta ya kunukia kama mchaichai huhitaji kiasi kikubwa ili yazuie vijidudu, na kwa kiasi hicho yanaichokoza ngozi kuliko kihifadhi chenyewe.

Na frigo? Umeme ukikatika siku mbili, frigo ni kabati. Hata ukiwepo, baridi huchelewesha tu.

Kwa mtoto huyu krimu iliyooza ilikuwa hatari kuliko kwa mtu mwingine. Ngozi yenye ekzema mara nyingi hubeba bakteria wa stafilokokasi, kidole kinawapeleka koponi, wakikuta maji na chakula wanazaliana, halafu kidole kinawarudisha kwenye ngozi iliyopasuka. Na macho hayatoshi kuwaona. Krimu inaweza kuwa na bakteria wengi mno katika gramu moja na bado ikawa nyeupe, laini, inanukia vizuri. Kiwango cha kimataifa cha vipodozi ni bakteria wasiozidi 1,000 kwa gramu, na 100 tu kwa vya watoto chini ya miaka mitatu. Ukungu tuliouona ulikuwa bahati, maana ulitufanya tuitupe.

Krimu ya pili, na swali la kaka yangu

Nikaamua kutumia kihifadhi cha kweli, lakini kipole. Niliposoma na kuuliza, majina mawili yalirudi kila mara: sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti. Ni vile vile vya soda, juisi na jemu, E211 na E202 kwenye lebo. Kitu tunachokunywa, nikajiambia, hakiwezi kuumiza ngozi. Nilipata paketi zilizofungwa, zenye lebo, kwa mama anayeuza vitu vya keki na juisi karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Unga mweupe uliofungwa kwenye kipande cha plastiki bila jina sinunui, hata kwa nusu bei.

Nikarudia mapishi yale yale, nikapima kwa mizani ya gramu 0.1: benzoeti asilimia 0.5, yaani gramu 1.5 katika 300, na sorbeti asilimia 0.3, yaani gramu 0.9. Mizani hiyo ndogo ni lazima. Kijiko cha chai hakijui tofauti ya gramu moja na tatu, na katika vihifadhi tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kulinda na kuunguza.

Wiki ya tatu krimu ilianza kunuka.

Nilikasirika. Nilidhani mama wa keki ameniuzia chumvi. Jumapili tulipokuwa tukila bukari (ugali) kwa kaka yangu nikasimulia. Kaka ni fundi wa maabara katika kiwanda cha shaba, kazi yake kila siku ni kupima asidi ya maji yanayoyeyushia mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hiyo benzoeti yako inafanyaka kazi ndani ya asidi ao ndani ya magadi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake alikuja na vikaratasi vya pH, kipimo ambacho namba chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni magadi, yaani alkali. Tulichukua gramu moja ya krimu, tukaikoroga katika gramu tisa za maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu kikaratasi hakisomi vizuri ndani ya krimu nzito, kisha tukachovya. Kilikwenda kwenye kijani kibichi kuelekea bluu. pH 9.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo, nitakaa kidogo.

Sodiamu benzoeti ni chumvi, na chumvi hiyo yenyewe haiui chochote. Kinachoua ni asidi ya benzoiki ambayo chumvi hiyo hugeuka kuwa ikikuta asidi ya kutosha. Asidi hiyo ikiwa nzima, bila chaji, hupenya ukuta wa kijidudu. Ikiwa imevunjika kuwa chumvi hubaki nje. Kwenye pH 4.2 nusu yake iko katika hali ya kuua. Kwenye pH 5 inabaki karibu asilimia 14. Kwenye 6.2, asilimia 1. Kwenye pH 9, ile ya krimu yangu, inabaki chini ya sehemu moja kati ya 60,000. Asidi ya sorbiki inavumilia zaidi kidogo, kwenye pH 5 bado zaidi ya theluthi yake inafanya kazi, lakini kwenye 9 nayo imekwisha. Kwa hiyo mama wa keki hakunidanganya. Aliniuzia benzoeti halisi, nami nikaitia ndani ya sabuni, na sabuni ni alkali. Nilikuwa na krimu yenye kihifadhi kwenye daftari na isiyo na kihifadhi kwenye kopo.

Juisi ya maracuja (pasheni) inahifadhika kwa benzoeti kwa sababu maracuja yenyewe yana asidi. Mwenye juisi hahitaji kujua pH, tunda limeshamfanyia kazi. Sisi wa krimu hatuna tunda.

Basi ongeza asidi, utasema. Nilifanya hivyo. Nilidondosha maji ya asidi ya sitriki huku nikikoroga, na ilipofika karibu na 6 krimu ikakatika kama maziwa yaliyoganda, mafuta juu na maji chini. Asidi huivunja sabuni, na sabuni ndiyo iliyokuwa imeshika maji na mafuta pamoja. Anayetengeneza krimu kwa nta ya nyuki na borakisi yuko katika shimo hilo hilo, krimu yake nayo ni ya alkali (na borakisi haifai kabisa kwa ngozi iliyochubuka ya mtoto). Nimeona mapishi mengi yanayosema "sabuni ya kukwangua, kijiko cha benzoeti". Hayawezi kufanya kazi, hata benzoeti iwe safi namna gani.

Krimu ya tatu

Nta ya kuunganishia isiyo sabuni niliagiza kwa mama anayesafiri kwenda Afrika Kusini kwa biashara. Ilipita mpakani Kasumbalesa na kunifikia baada ya wiki tano. Nilitumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu birika langu lina ganda jeupe la chokaa na chokaa huvuta pH juu. Nilishusha pH hadi 4.8 kwa asidi ya laktiki, nikaweka benzoeti na sorbeti kwa vipimo vile vile. Kopo moja niliacha juu ya kabati. Wiki nane baadaye lilikuwa vile vile, harufu ile ile. Huo si ushahidi wa maabara, najua, lakini zile mbili za kwanza hazikufika hata mwezi.

Kabla ya kumpa mtoto nilijipaka ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku saba. Wifi naye akafanya hivyo. Hakuna kitu kilichotokea, krimu ilikuwa nzuri mno.

Mtoto alilia ndani ya dakika tano.

Wifi alikuwa amempaka viwikoni na kumalizia usoni. Viwiko vilichoma. Kuzunguka mdomo palivimba vipele vidogo vidogo vinavyowasha. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, na kabla ya saa moja kwisha vilikuwa vimeondoka.

Wakati ndio ulionisaidia kuelewa. Mzio wa kweli wa kugusa kwa kawaida hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu na hukaa siku nyingi. Kitu kinachokuja kwa dakika na kuondoka ndani ya saa ni jamii nyingine, na asidi ya benzoiki na ya sorbiki vinajulikana zamani kwa hilo: vinaweza kuleta wekundu, kuwashwa na uvimbe mdogo bila mwili kuwa na mzio wowote, hasa usoni. Ongeza pH ya chini juu ya ngozi iliyopasuka, ambayo huchoma kama limau kwenye jeraha.

Hapa sikukosea kemia, nilimkosea mtoto. Nilipima kwenye ngozi mbili nzima za watu wazima nikaita jibu "pole". Ngozi iliyoombewa krimu ilikuwa na nyufa. Ilitakiwa nianze na tone moja kwenye mkono wake, mahali pasipo na ekzema, siku moja, kisha siku kadhaa, kabla ya kufika viwikoni, na usoni mwisho kabisa.

Uamuzi

Palibaki njia mbili za krimu yenye maji, vihifadhi viwili ambavyo nilivifikiria kwa uzito.

Fenoksiethanoli haijali sana pH, inakubali hata krimu ya 6 au 7, na haimo sana katika orodha za wasababishi wa mzio. Kikomo chake Ulaya ni asilimia 1. Ni dhaifu kidogo kwa ukungu, kwa hiyo hupewa mwenzake. Shirika la dawa la Ufaransa lilishauri mwaka 2012 isitumike sehemu za nepi kwa watoto chini ya miaka mitatu, na kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2016 ikasema asilimia 1 ni salama kwa umri wote. Mtoto wetu ana miaka 5, hilo halikunizuia.

Ya pili itawashtua wengi: methiliparabeni. Parabeni zilichukiwa baada ya uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2004 uliozikuta katika uvimbe wa saratani ya matiti. Ulizikuta, haukuonyesha kwamba ndizo zilizoleta saratani. Ulaya ilipiga marufuku parabeni tano mwaka 2014 na kupunguza kiasi cha nyingine, lakini methiliparabeni imebaki, hadi asilimia 0.4. Na kwa swali letu, swali la ngozi nyepesi kuudhika, chama kile kile cha Marekani kilichoitangaza methilisothiazolinoni kuwa mkosaji wa 2013 kiliitangaza parabeni mwaka 2019 kuwa kisichosababisha mzio cha mwaka. Viwanda vilikimbia parabeni kwa hofu, na mojawapo ya vilivyochukua nafasi yake kilikuwa ni hiyo methilisothiazolinoni. Nikifikiria watoto waliowashwa kwa sababu chupa iliandikwa "bila parabeni" moyo unaniuma. Kama leo mtu mzima mwenye ngozi nyepesi ataniuliza kihifadhi gani kina rekodi nzuri zaidi ya mzio, nitamtajia methiliparabeni bila kusita.

Lakini hata parabeni, iliyo pole kwenye ngozi nzima, imewahi kuleta mzio kwa watu walioipaka kwenye vidonda vya miguu, na baadhi yao waliweza kuipaka mahali pengine bila shida. Ngozi iliyo wazi ina sheria zake. Na viwiko vya mtoto huyu vilikuwa wazi.

Nilirudi kwenye swali ambalo ningeanza nalo mwezi wa sita: kwa nini kuna maji humu? Kihifadhi kinahitajika kwa sababu ya maji. Mtoto anahitaji maji kwenye ngozi, lakini hayo yanaweza kutoka kwenye beseni lake la kuogea. Nikatengeneza mafuta mazito yasiyo na maji: mafuta ya mgando asilimia 70, alizeti 25, nta ya nyuki iliyosafishwa 5, na ndani ya hayo tone la vitamini E, ambayo safari hii ilipata kazi yake halisi ya kuzuia alizeti isichache. Hayana manukato wala kihifadhi.

Wifi alivunjika moyo. "Yaya, miezi yote hii, hii si mafuta ya mugando tu?" Ndiyo, karibu ni hayo tu. Nilimweleza kwamba kazi yote sasa iko kwenye namna ya kutumia. Mtoto aoge kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, muda mfupi. Apapaswe kwa taulo bila kukaushwa kabisa, na apakwe ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Makopo yawe madogo, ya gramu 50, yaliyooshwa na kukauka kabisa kabla ya kujazwa, maana tone moja la maji chini ya kopo linarudisha kisa chote mwanzo. Mafuta yachotwe kwa kijiko kidogo cha chuma kilicho kikavu, vidole visiingie kamwe.

Krimu yenye maji sikuitupa. Nimeibadilisha iwe ya pH 5.5 yenye fenoksiethanoli asilimia 0.9 na mwenzake, ndani ya tyubu badala ya kopo, na ninaitengeneza kidogo kidogo iishe ndani ya wiki sita. Wifi anaipaka mikononi mwake, baadhi ya wateja pia. Ile ya benzoeti yenye pH 4.8 bado naiuza kwa watu wazima wenye ngozi nzima ambao wameijaribu siku saba. Ni krimu nzuri, mtoto ndiye hakuwa mtu wake.

Viwiko vililainika ndani ya wiki mbili hivi. Haidrokotisoni nayo ilitumika siku tano za mwanzo, na sitajitwalia sifa ambazo zinaweza kuwa zake. Mwezi wa kumi, joto lilipopanda kabla ya mvua, ekzema iliamka tena nyuma ya magoti, wakarudi kituo cha afya. Safari hiyo hakukuwa na kilio cha kuchomwa.

Wifi ameniomba niongeze harufu kidogo, kwa sababu watoto wa shuleni kwa binti yake wananukia vanila. Nimekataa. Anampulizia manukato kwenye gauni, upande wa nje. Kijiko tumekifunga kwa uzi kwenye mfuniko ili kisipotee, na mtoto akitoka kuoga anakuja nacho mwenyewe kikining'inia: "Mama, mafuta ya kakijiko."